Milango ya Kuteleza Inayoingia Ukutani: Tathmini ya Mifumo Mitatu kwa Nyumba za Pwani

Mnunuzi wa mlango wa kuteleza unaoingia ukutani kwa kawaida huanza na kile anachokiona: aina ya mbao, rangi, kioo na kishikio. Sehemu inayoamua kama mlango huo utateleza kwa miaka mingi au utaanza kukwama mapema ni ile asiyoiona, yaani fremu iliyofichwa ndani ya ukuta na reli inayobeba uzito wote kutoka juu. Ubao ukiharibika hubadilishwa kwa nusu siku. Fremu ikipinda au reli ikichakaa mahali pasipofikika, dawa yake ni nyundo, vumbi la sementi na gharama ya kupiga lipu upya. Kwa hiyo katika tathmini hii nimeipa fremu na reli nafasi kubwa kuliko mwonekano, na nimeilinganisha mifumo mitatu ambayo mjenzi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anaweza kuifikiria: kasha la chuma la Eclisse kutoka Italia (boksi la kufichwa ukutani ambamo mlango huzama), seti ya kuunganisha ya Johnson Hardware kutoka Marekani, na fremu inayochomelewa na mafundi wetu wenyewe.

Kwanza niseme mlango wa aina hii unafaa wapi, kwa sababu haufai kila mahali. Mlango wa bawaba wenye upana wa sentimita 80 unapofunguka hufagia robo ya duara, na eneo hilo ni takriban nusu mita ya mraba ambapo huwezi kuweka kiti, kabati wala kapu la nguo. Katika sebule kubwa nusu mita hiyo haionekani. Katika korido ya upana wa mita moja, katika stoo ya jikoni, au katika bafu ambalo mlango wake hugonga sinki, nusu mita hiyo ndiyo inayotofautisha chumba kinachotumika na chumba kinachosumbua. Mahali pa pili ni kati ya sebule na chumba cha kulia, au kati ya sebule ya wageni na sehemu ya ndani ya familia. Katika nyumba za zamani za mawe za Lamu, kazi ya kutenganisha vyumba vya ndani ilifanywa kwa sehemu kubwa na pazia, na hadi leo nyumba nyingi za Waswahili zina pazia kwenye korido hata pale ambapo mlango upo. Sababu inaeleweka: upande ule hutakiwa kuwa wazi karibu siku nzima ili upepo upite, na hufungwa pale tu mgeni anapobisha hodi. Mlango wa bawaba unaokaa wazi siku nzima huwa kizuizi, na mara nyingi huishia kuegemezwa jiwe. Mlango unaozama ukutani hukaa wazi bila kuchukua nafasi ya mtu yeyote, na ukifungwa husitiri vizuri kuliko kitambaa.

Baada ya kuchagua mahali, mchunguze ukuta kabla hujaingia duka lolote. Kanuni ya kwanza ni kwamba uwazi unaohitajika ni mara mbili ya upana wa mlango na nyongeza kidogo. Kwa mlango wa sentimita 80, uwazi wa kuingizia kasha ni kama mita 1.7, na lenta ya juu lazima ivuke upana huo wote na kulala juu ya tofali imara pande zote mbili. Nimeona mafundi wakiacha lenta ya upana wa mlango wa kawaida na kuliachia kasha kazi ya kubeba tofali za juu. Kasha halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Bati lake litalemewa polepole, reli itainama katikati kwa milimita chache, na mlango utaanza kujisogeza wenyewe kuelekea bondeni. Ikiwa ukuta unabeba slabu ya ghorofa au kenchi za paa, mwite mhandisi kabla ya tofali la kwanza kutolewa.

Jambo la pili ni unene, na hapa nyumba zetu zinatofautiana na zile zilizofikiriwa na watengenezaji wa Ulaya. Kuta zetu za ndani kwa kawaida hujengwa kwa tofali za sementi za inchi 5 au 6, na ukiongeza lipu ya sentimita moja na nusu kila upande, ukuta wa inchi 6 hufikia takriban sentimita 18. Kasha la kawaida la ukuta wa jipsamu limekusudiwa ukuta uliokamilika wa milimita 100 au 125. Tofauti hiyo haifichiki kwa lipu. Kuna njia mbili nzuri za kuitatua. Ya kwanza ni kulipanga kasha sawa na uso wa chumba kinachoonekana zaidi, kisha upande wa pili kuongezwa fremu nyepesi na bodi hadi ulingane na ukuta uliobaki. Ya pili, ambayo mimi naipendelea, ni kuamua tangu kwenye ramani kwamba kipande chote cha ukuta kutoka kona hadi kona kitakuwa cha jipsamu chenye unene unaolingana na kasha. Njia hii huokoa sentimita kadhaa za chumba na huondoa ufa ambao hujitokeza pale tofali na bodi vinapokutana katikati ya ukuta.

Jambo la tatu mara nyingi husahaulika mpaka fundi umeme afike. Upande ambao mlango utazama ni tupu kwa ndani, hivyo hakuna bomba la maji, bomba la waya, soketi wala swichi inayoweza kuchimbiwa humo kwa njia ya kawaida. Swichi ya taa ya bafu, ambayo sote tumezoea kuiweka pembeni mwa mlango, lazima ihamishiwe upande wa pili. Vilevile ganda la ukuta huo ni jembamba: halifai kutundikiwa televisheni, kabati la jikoni wala tangi la kupashia maji, na skrubu ndefu ya kutundikia picha inaweza kutoboa hadi ndani na kuchora mstari kwenye mlango kila unapofunguliwa. Mwenye nyumba apige picha ya ukuta kabla haujafungwa, na aitunze.

Sasa nigeukie mifumo yenyewe. Eclisse ni kampuni ya kaskazini mwa Italia, katika mkoa wa Treviso, na bidhaa yake ya msingi ni kasha la bati lililopakwa zinki ambalo hufika likiwa na reli, magurudumu na vipimo vilivyokwisha kupangwa. Kuna toleo la ukuta wa jipsamu na toleo la ukuta wa tofali, na hili la pili lina wavu wa chuma pande zote mbili ambao hushika lipu. Katika kasha la ukuta wa milimita 100, nafasi ya ndani ni takriban milimita 54, maana yake mlango wa unene wa milimita 40 hubaki na kama milimita 7 kila upande. Kwa wenzetu wa Italia nafasi hiyo inatosha sana. Kwa pwani yetu, ambako unyevu wa masika huvimbisha mbao na kiangazi huzikausha, inatosha kwa sharti kwamba mbao zimekaushwa vizuri na mlango umepakwa rangi au vanishi pande zote sita, ukiwamo ukingo wa chini na wa juu ambao mafundi hupenda kuuruka kwa kuwa hauonekani.

Kinachonifanya niuweke mfumo huu mbele ni reli yake inayoweza kutolewa bila kuvunja ukuta. Katika nyumba ambayo inatarajiwa kudumu kizazi kimoja na zaidi, hii ndiyo sifa ya kwanza ninayoitafuta, na ningeilipia hata kama ningelazimika kununua mlango wa bei ndogo kabisa wa kuning’iniza humo. Kampuni hiyo pia ina toleo liitwalo Luce, ambalo limeandaliwa nafasi za waya ili swichi na soketi ziweze kuwekwa upande wa kasha, na lingine liitwalo Syntesis ambalo halina mbao za urembo kuzunguka uwazi, kwa hiyo ukuta huishia pembeni bila fremu kuonekana. Luce ni jibu la kweli kwa tatizo nililolieleza la swichi za bafu. Syntesis ni nzuri kwa macho, lakini humtaka fundi lipu mwenye mkono wa hali ya juu, kwa kuwa mbao za urembo ndizo ambazo kwa kawaida hufunika makosa madogo ya ukingo. Kama huna uhakika na fundi wako, chagua toleo la kawaida.

Udhaifu wa kasha la Italia kwetu ni upatikanaji. Huagizwa kwa vipimo maalumu, na kipuri cha reli au gurudumu hakitapatikana kwenye maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, siku ya Jumamosi alasiri. Atakayeagiza anunue jozi ya ziada ya magurudumu na kishikizi cha chini katika shehena ileile, kwa sababu vipuri hivyo ni vidogo na vyepesi na huingia bila kuongeza uzito wa maana.

Johnson Hardware ya Elkhart, Indiana, hufuata fikra tofauti. Badala ya kasha zima, mnunuzi hupata reli, magurudumu na nguzo nyembamba za mbao zilizofunikwa chuma pande tatu, kisha fundi huviunganisha hapohapo kwenye uwazi. Mfululizo wake wa 1500, ambao ndio wa kawaida kwa nyumba za kuishi, hubeba mlango wa hadi pauni 125, yaani takriban kilo 57, na uwazi unaohitajika ni mara mbili ya upana wa mlango pamoja na inchi moja. Reli yake ina umbo la boksi linalozuia magurudumu kuruka nje, jambo ambalo mtu aliyewahi kuishi na mlango wa kabati unaotoka kwenye njia yake kila wiki atalithamini. Seti nzima hufungwa katika kifurushi chembamba na kirefu, hivyo kuisafirisha ni rahisi kuliko kasha la bati ambalo likigongwa njiani huharibika.

Hata hivyo, mfumo huu ulizaliwa katika nchi ya kuta za mbao za inchi mbili kwa nne, na umekusudiwa mlango wa unene wa inchi moja na tatu ya nane, kama milimita 35. Mlango mzito wa mbao ngumu wa milimita 40 au 45 unaotengenezwa na maseremala wa Keko, Dar es Salaam, hauingii bila marekebisho. Nguzo zake nazo hunepa kidogo zinaposukumwa kutoka nje, kwa hiyo ni lazima bodi za jipsamu zifungwe kwa skrubu fupi na bila kulazimishwa. Kipo pia kipande cha mbao ndani ya nguzo, na katika udongo wa Mbezi au Kigamboni, ambako mchwa hupanda kupitia ufa mdogo kabisa wa sakafu, sitakubali mbao yoyote ifungiwe gizani ukutani kabla ya kutiwa dawa. Kwa nyumba ya ghorofani yenye kuta za jipsamu na milango myepesi, naipendekeza seti hii bila wasiwasi. Kwa nyumba ya chini ya tofali yenye milango ya mninga, naona inalazimishwa mahali ambapo si pake.

Mfumo wa tatu ni wa hapa nyumbani. Mchomeleaji hutengeneza fremu kwa mabomba ya mraba ya chuma, hufunga reli ya mlango wa kabati au ya geti dogo iliyonunuliwa Kariakoo, kisha pande zote hufunikwa bodi au wavu na lipu. Faida zake ni za kweli: vipimo hufuata ukuta ulio nao, unene wa sentimita 18 si tatizo tena, na fundi yuko umbali wa simu moja. Fremu nzuri ya namna hii inaweza kuwa imara kuliko ile ya kuagiza. Nimeikagua moja, ya karakana ambayo sitaitaja, ambayo maungio yake yote yalikuwa yamekaa kwenye timazi lakini reli ilikuwa imechomelewa moja kwa moja kwenye chuma cha juu. Uchomeleaji huo uliunguza zinki, kutu ikaanza palepale, na kwa kuwa reli haikufungwa kwa boliti, hakukuwa na njia ya kuibadilisha isipokuwa kukata. Kwa hiyo anayekwenda kwa mchomeleaji amwekee masharti mawili yasiyojadiliwa: reli ifungwe kwa boliti zinazofikika kutoka kwenye uwazi wa mlango, na kila mahali palipochomelewa papigwe msasa na kupakwa rangi ya zinki kabla ya kufunikwa. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari, skrubu na boliti ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316, ambacho kina molibdeni na huhimili chumvi ya hewani kuliko daraja la 304 linalouzwa sana.

Magurudumu pia yanastahili kuchunguzwa kwa mkono. Chagua yenye beringi na yaliyofunikwa nailoni, yazungushe dukani usikilize, kisha uliza yanabeba kilo ngapi. Hesabu ya uzito si ngumu. Mlango wa mninga usio na uwazi ndani, wa upana wa sentimita 80, urefu wa sentimita 204 na unene wa sentimita 4, hufikia kama kilo 42, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya mninga mkavu ina takriban kilo 640. Ukiutengeneza kwa mkongo, ambao ni mzito zaidi, utakaribia kilo 52. Kioo cha milimita 10 kina kilo 25 kwa kila mita ya mraba, hivyo mlango wa vipimo hivyo ni karibu kilo 41, na lazima kiwe kioo kilichoimarishwa kwa joto. Mlango wa flashi, ulio mtupu kwa ndani, ni mwepesi kuliko yote hayo na kwa vyumba vya ndani unatosha kabisa. Watu wengi hudhani uzito ni dalili ya ubora. Katika mlango unaoning’inia, kila kilo isiyo na kazi huchosha magurudumu bure.

Yapo mambo ambayo hakuna mfumo kati ya hii mitatu unaoyatimiza vizuri. Sauti ni la kwanza. Mlango wa bawaba hujibana kwenye fremu yake, lakini huu lazima uachiwe nafasi pembeni na chini ili upite, na mazungumzo hupita katika nafasi hiyohiyo. Brashi za pembeni hupunguza vumbi na mwanga, ila sauti huipunguza kidogo tu. Kwa sababu hiyo siupendekezi kwa chumba cha kulala cha wazazi kilicho karibu na sebule, wala kwa choo kinachofungukia mezani. Bafu la ndani ya chumba cha kulala ni mahali pake halali, mradi liwe na dirisha au feni ya kutolea hewa yenye unyevu, vinginevyo mvuke huingia ndani ya ukuta na kukaa humo. Kwa mlango wa nje na kwa chumba kinachohitaji kufungwa kwa usalama, usiufikirie. Kitasa chake ni cha kulabu, na kazi yake ni kulinda faragha.

Kishikio kinastahili uangalifu zaidi kuliko kinavyopewa. Vishikio vilivyochimbiwa ndani ya ubao huruhusu mlango uzame wote, na ndivyo vinavyopendeza kwenye picha, lakini bibi mwenye baridi yabisi au mtoto mdogo hawezi kuvivuta. Kanuni za Marekani za mwaka 2010 kuhusu majengo yanayofikika na watu wenye ulemavu zinataka mlango wa kuteleza ukiwa wazi kabisa, kishikio chake kiendelee kuonekana na kutumika pande zote mbili, na nafasi ya kupita isipungue inchi 32, karibu sentimita 81. Hatulazimiki kuzifuata, lakini zina busara, na nyumba nyingi za kwetu hukaa wazee. Maana yake kwa vitendo ni kwamba mlango uzuiwe kabla haujazama wote ili kishikio cha kushika kwa kiganja kibaki nje, na ili nafasi ya sentimita 81 ipatikane, mlango wenyewe uagizwe wa sentimita 90. Kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, mlango huu usio na kizingiti na usiomlazimu kurudi nyuma ili ufunguke ni msaada mkubwa, na hapo ningeuchagua hata kama nafasi si tatizo.

Katika ufungaji, simamia hatua tatu mwenyewe. Reli ipimwe kwa pima maji baada ya kufungwa, kisha ipimwe tena baada ya lipu kukauka. Vibao vya kutanua viwekwe ndani ya kasha wakati wa kupiga lipu, kwa kuwa sementi mbichi husukuma bati kuelekea ndani na kula zile milimita 7. Mlango ujaribiwe kwa kuusukuma kwa kidole kimoja kabla bodi ya mwisho haijafungwa, na usikubali maneno ya kwamba utalainika baadaye. Kifaa cha kupunguza kasi mwishoni mwa reli ni nyongeza ambayo naiona ya lazima katika nyumba yenye watoto, kwa ajili ya vidole vyao.

Baada ya hapo matunzo ni madogo. Reli ifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu, na isipakwe grisi wala mafuta ya cherehani, kwa sababu hukusanya mchanga na kugeuka tope linalokwamisha magurudumu. Silikoni kidogo ya kupuliza inatosha. Brashi za mdomo wa kasha zibadilishwe zinapolala, maana kazi yake nyingine ni kuzuia mende na mijusi wasiingie kwenye uwazi wenye giza na kuufanya makazi. Anayenunua kasha au seti aulize bei ya brashi hizo na magurudumu ya akiba siku hiyohiyo ya kununua, kisha aviandike kwenye risiti pamoja na namba ya toleo.